Mtoto Aliyelazwa Nje Kopenhagen

Mwalimu aliapa tukiwa bado Kitale kwamba nyumbani kwa mkwe wake hataingia. Ni jirani yangu, mzaliwa wa Bungoma, amestaafu juzi tu, na ukimwambia jambo mara mbili anakuuliza kama unadhani alikuwa amelala mara ya kwanza. Binti yake aliolewa na mwanamume wa Kopenhagen, harusi ikafanyika huko huko, na huyo mkwe hajawahi kukanyaga Bungoma. Sasa kwao, mama mkwe na mkwe hawashikani mikono wala hawali pamoja. Kuingia kwa mtu ambaye hajaja kwenu kujulikana? Aibu tupu. Lakini kulikuwa na mjukuu wa miezi minne, wa kwanza, na alikuwa amemwona kwenye simu tu.

"Nitamshika mjukuu wangu," akasema. "Ataletwa nje."

"Nje wapi, mama? Kwa hiyo baridi?"

"Si ndiyo maana mnanisindikiza?"

Hivyo ndivyo mimi, muuza mahindi wa Kitale, na rafiki yetu fundi wa nguo kutoka Webuye tulivyojikuta Ulaya mwezi wa kumi na moja.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba huo ni mji wa watu wa mitindo. Mitindo gani, bana! Kila mtu amevaa nyeusi, utafikiri mji mzima umetoka kwenye mazishi yale yale. Fundi aliumia moyo waziwazi. "Ati hawa ndio wanafundisha dunia kuvaa? Angalia yule, suruali imemwishia magotini!" Na baiskeli! Nilidhani nimeziacha Bungoma. Wakubwa wa ofisi wako juu ya baiskeli, na baba mmoja alikuwa amepakia watoto wawili kwenye sanduku la mbao mbele yake. Mara tatu nilisimama kwenye njia yao bila kujua, na mara zote tatu nilipigiwa kengele kwa upole, upole ambao unauma kuliko matusi. Hata hivyo mji ule niliupenda, sitadanganya. Hakuna aliyenisukuma, na maji ya bomba yalikuwa matamu.

Binti alikuwa ametuambia tukutane saa nne kwenye mkahawa ulio chini ya nyumba yao. Tulifika mapema, kwa sababu Mwalimu hajachelewa popote tangu azaliwe. Nje ya mlango kulikuwa na kigari cha mtoto, na ndani ya kigari, mtoto. Peke yake. Kofia imefika kwenye nyusi, blanketi limefika puani. Watu walikuwa nyuma ya kioo wanakunywa kahawa zao.

"Woi!" Fundi akapiga kelele. "Wamemtupa!"

Mtoto akaanza kulia. Nikasema tusimguse, tusije tukaitiwa polisi kwa nchi ya watu. Wakati namaliza kusema, Mwalimu alikuwa ameshamtoa, amemfunga kwa leso, amemwingiza ndani ya koti lake. Kilio kikakatika.

Mlango ukafunguka, akatoka mwanamume mrefu mwenye ndevu nyekundu na kikombe mkononi. Mwalimu hakumpa nafasi. "Huyu ni wako?" akamuuliza kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya darasani. "Wewe ni baba wa aina gani? Hata mbuzi hafungwi nje na baridi hii!"

Uso wa yule bwana ukawa mwekundu kama ndevu zake. Akaanza kueleza kwamba kwao watoto wote hulala nje, kwamba hewa baridi ni nzuri. Kisha akaiona leso. Akatutazama sote watatu. Akaweka kikombe chini, akarudi nyuma hatua mbili, akaficha mikono mgongoni, akainamisha kichwa.

Nimeona wakwe wa Bungoma wakisimama hivyo hivyo. Mwalimu alielewa kabla yangu. Akavuta leso afunike uso, lakini nusu yake ilikuwa imembeba mtoto, kwa hivyo alifunika jicho moja.

"Mungu wangu," akasema. "Nimemgombeza mkwe."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

Binti akaja mbio kutoka kituo cha treni, alikokuwa amekwenda kutulaki kwa hofu kwamba tutapotea, tukapishana. Mvua nayo ikaanza. "Twende juu, mama." Mwalimu akatikisa kichwa: hapandi. Lakini mtoto pia hakumwachilia. Ndipo yule bwana akazungumza na mimi, si na yeye, kama mtu aliyefundishwa: "Mwambie mama nitabaki hapa. Nikiwa nje, ile nyumba ni ya binti yake."

Mwalimu akasimama kwenye mvua akifikiri. "Nani amemfundisha?"

"Mimi," binti akajibu. "Kila jioni tangu mtoto azaliwe. Anakuogopa, mama."

Tukapanda. Kulikuwa na kuku mzima kutoka duka la Waarabu, na mimi nilikuwa nimebeba unga wa Kitale. Mwalimu akamfunga mtoto mgongoni, akatufukuza wote jikoni.

"Bado yuko?" akauliza.

Nikachungulia dirishani. "Yuko. Amekaa kando ya kigari."

"Amevaa kofia?"

"Hajavaa."

Akafyonya. Chakula kilipoiva, akapakua sahani moja kabla ya zetu zote: ugali, paja, na juu yake firigisi. Kwao firigisi haipewi mtu ovyo. Ni ya mwenye nyumba, na mkwe akija ukweni lazima aione kwenye sahani yake. Mimi na Fundi tukatazamana.

"Mpelekee," akaniambia. "Na aimalize."

Nikamshushia. Aliitazama ile sahani kwa muda mrefu, na macho yakamjaa machozi. Kumbe hata maana ya firigisi alikuwa amefundishwa. Akala kwa mkono, akaungua vidole, akamaliza. Kisha akasimama tena, mikono nyuma, macho chini.

"Angalia juu," nikamwambia.

Mwalimu alikuwa dirishani, uso wazi. Alikuwa ameushika mkono mdogo wa mtoto, anampungia nao.