Jino la Shangazi na Goti la Bibi

Ilianza Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, kwenye benchi la kliniki ya meno hapa mjini. Shangazi alikuwa ameshachomwa sindano ya ganzi, wakamwambia atoke nje kidogo asubiri ishike. Akaja kukaa pembeni yangu, kitambaa mdomoni. Mimi nilikuwa nimetumwa kumsindikiza. Baba alisema dada yake amekaa Marekani muda mrefu, mji umebadilika, atapotea. Na kwa kuwa shule zimefungwa, na mimi si mtu wa maneno, nisingemchosha.

Nilikuwa na swali tangu Jumanne aliposhuka kwenye ndege na kuulizia kliniki ya meno. Kwa kawaida maswali yangu huwa nayaacha yapite. Hili niliuliza, nafikiri kwa sababu alikuwa na ganzi na nilijua hatajibu kwa kirefu.

"Shangazi, kwani huko hakuna madaktari wa meno?"

"Wapo," akasema. "Wapo kila kona, kama vibanda vya vocha."

Kumbe ganzi haimzuii mtu kama shangazi. Alianza kueleza. Jino la mwisho la chini lilimuuma tangu kabla ya Krismasi, na la jirani yake likafuata. Huko walimwambia yote mawili yasafishwe mizizi kisha yavishwe kofia, na bei ikatajwa: dola elfu tano na mia sita. "Zidisha mwenyewe, si unasoma hesabu?" Nikazidisha kwenye simu, ikaja zaidi ya milioni kumi na nne. Hapa, meno yaleyale, kofia zilezile, wamemwambia milioni moja na laki sita. Tiketi ya ndege, kwenda na kurudi, milioni nne na kidogo.

"Kwa hiyo nimepanda ndege, nimewaona, nitakula ndizi za mama, nitarudi na meno yangu, na bado chenji ninayo. Unaona maajabu hayo?"

"Na bima?"

"Ya kazini inabeba mwili. Meno wanasema ni kitu kingine." Akajigusa shavu kama anahakikisha bado lipo. "Kama vile meno nimeazima kwa mtu."

Akaniambia pia kwamba daktari wa huko, alipoona rangi ya meno yake, alimuuliza anavuta sigara ngapi kwa siku. Shangazi hajawahi kushika sigara. Akamwambia ni maji ya nyumbani, yana madini yanayotia meno rangi, tumeyanywa tangu utotoni. Daktari akaandika: kahawa. Nilicheka, mkono mdomoni, kama ninavyocheka siku zote. Na mimi ninayo meno hayo ya kahawia. Nililelewa kwa bibi, Maji ya Chai, mpaka darasa la nne, na maji ya kule hayaulizi wewe ni mtoto wa nani.

Kisha nikasema jambo ambalo ndilo hasa lilikuwa linanisumbua. "Baba anasema bima yako itambeba bibi."

Shangazi hakunitazama. "Nimemsikia."

"Itambeba?"

"Haitambeba. Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, nimesema. Na haya ya meno usimwambie baba yako, yeye anajua nimekuja kusafisha tu. Atauliza nimekaa huko kutafuta nini kama jino tu linanishinda."

Nikasema sawa. Wakamwita ndani.

Inabidi nieleze habari ya bima, maana ndiyo iliyotaka kutufanya tuuze shamba. Bibi anaumwa goti la kulia. Mwaka jana baba mdogo, anayeishi naye kule Maji ya Chai, alimpeleka kwa daktari wa mifupa, akaambiwa goti limeisha na inabidi liwekwe la bandia. Daktari alisema linawezekana hapahapa, kama milioni kumi na mbili, pamoja na kulazwa. Baba alikataa. Alisema goti la mama yake si la kujifunzia. Akampigia shangazi simu, akamuuliza kama ana bima kazini. Shangazi akajibu anayo. Basi. Kwa baba hilo lilitosha, kwa sababu jirani yetu hapa Sekei, tunakoishi, ni mwalimu, na bima yake inawabeba wazazi wake wote wawili, anawapeleka hospitali kwa kadi tu. Baba anauza spea za magari na hana bima ya namna hiyo. Akapiga hesabu kwamba kama ya mwalimu wa Sekei inabeba wazazi, ya Marekani si itabeba ukoo.

Kilichobaki kwake kilikuwa ni viza, tiketi, na pesa ya bibi ya kuishi huko miezi michache. Kwa hiyo akaamua kuuza nusu eka ya chini, ile yenye migomba na kahawa ambayo bibi alipanda na babu. Mnunuzi alipatikana haraka sana. Alikuwa aje Jumatatu asubuhi kupima. Shangazi alielezwa mpango wote Jumatano wakati wa chakula cha usiku, mbele yangu. Alisema, "Mungu ni mwema, kaka," akaomba chumvi.

Ijumaa ikaisha hajasema. Jumamosi nilikuwa namwangalia kila anapokaa karibu na baba. Walizungumzia mvua, bei ya mafuta, na mtu waliyesoma naye ambaye sasa ni mchungaji. Mara moja baba alitoka kumwagia gari maji na shangazi akamfuata mpaka mlangoni, akasimama, akarudi. Nilifikiri nimwambie baba mwenyewe. Nilishindwa kuanza. Mimi hata kuomba hela ya daftari huwa naanzia kwa mama.

Jumapili tulitoka ibadani tukaenda wote Maji ya Chai. Bibi alikuwa amepika loshoro, mahindi yaliyokobolewa na ndizi ndani ya maziwa ya mgando, na baba alifurahi kuona dada yake anavyokula taratibu. "Huko hamna kitu kama hiki," alisema. Mimi nilijua anatafuna upande mmoja.

Baada ya kula kikaanza kikao, sebuleni kwa bibi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumimina chai. Baba alieleza mambo yote upya, kama vile kuna mtu hajui.

"Hiyo ndege," bibi akauliza, "mguu wangu nitauweka wapi muda wote huo?"

"Utaunyoosha, mama."

"Wapi?" baba mdogo akadakia. "Wanaonyoosha ni wa kule mbele kwenye mapazia. Kwa tiketi yetu sisi goti linakaa hapa, kwenye kidevu. Mpaka afike huko watakuta magoti mawili ya kutibu."

"Wewe utani wako ndiyo umekufanya ubaki na mbuzi watatu," baba akamwambia, lakini alikuwa anacheka.

"Watatu wanaonyonyesha."

Bibi alikuwa anaangalia dirishani, upande wa migomba. Akasema, "Nusu eka ni kubwa. Mkishakata hapo, mimi nabaki na ya kufugia kuku."

"Mama, utarudi unatembea. Shamba lina faida gani kama hulifikii?"

Bibi akalipapasa goti. Nilikuwa nimefika kwa shangazi, namimina. Alikuwa anakoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

"Na matibabu ndiyo hata si ya kufikiria," baba akaendelea. "Bima ya huko si kama hizi za kwetu, unaambiwa dawa hii haimo, kanunue nje. Huko inambeba mtu kuanzia unywele mpaka ukucha. Si ndiyo, mdogo wangu?"

"Mambo ya huko yana utaratibu wake, kaka."

"Ndiyo huo utaratibu tunaoutaka!"

"Meno haibebi," nikasema.

Sikupanga. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai kwa mikono miwili na maneno yakatoka. Baba mdogo akageuza shingo huku na huku kana kwamba redio imejiwasha.

"Nani huyo? Huyu? Mama, huyu mtoto anaongea! Tumelipa ada bure miaka yote kumbe anaongea!"

"Nyamaza wewe," bibi akasema. "Umesemaje, mjukuu wangu?"

Niliangalia chupa. "Bima ya shangazi. Meno haibebi. Na wewe haikubebi."

Baba alinitazama kwanza mimi, kisha mama, kama vile mama ndiye aliyenifundisha. "Umeyatoa wapi hayo?"

"Mwache," shangazi akasema. Aliweka kijiko chini. "Amesema kweli. Haimbebi mama. Kule wa kukutegemea ni mume na watoto wako. Mzazi hayumo."

"Hayumo vipi?"

"Hayumo, kaka. Nikimpeleka mama pale akafanyiwa hilo goti, bili inakuja kwangu yote. Ukiuza nusu eka, na hii tuliyokalia, na duka lako, sijui kama tutaimaliza."

Bibi akamgeukia. "Kwa hiyo mimi huko si mama yako?"

"Ni mama yangu. Bima ndiyo haikujui."

"Inamjua nani?"

"Inanijua mimi, na meno yangu haitaki kuyajua." Akaeleza yote. Jino, dola, tiketi. Alieleza haraka akiwa ameinamisha uso, na alipofika kwenye milioni kumi na nne baba mdogo alipiga mluzi.

"Kwa meno mawili? Dada, mimi ninayo ishirini na nane mazima. Niyauze niondoke."

Hakuna aliyecheka isipokuwa bibi, na yeye alicheka mpaka akashika goti. "Umevuka bahari kuja kutengeneza jino," alisema. "Na mimi nivuke kwenda kutengeneza goti. Tungepishana huko angani."

Baba hakuwa anasikiliza. "Mbona nilikuuliza? Kwenye simu. Nilikuuliza."

"Uliniuliza kama nina bima. Nikasema ninayo."

"Na Jumatano je? Umekaa mezani kwangu, nimeongea saa nzima."

Shangazi akakisogeza kikombe pembeni. Nilidhani atalia lakini hakulia. Alisema, "Ulikuwa umefurahi sana." Kisha akasema kwa goti la hapa atatoa milioni tatu, alizokuwa ameweka kwa safari ya mwakani, na mwakani hatakuja. Baba mdogo akasema atauza mbuzi. Mama akasema kuna kikundi chake cha kuweka na kukopa. Hela bado haijafika hata nusu. Sijui kama itafika. Lakini bibi akasema daktari wa mifupa ampige kwanza picha mpya, maana tangu ile ya mwaka jana huenda goti limeshabadilisha mawazo, na migomba iachwe.

"Nimeshamwambia mtu aje kesho," baba akasema. "Anakuja na futi yake na shahidi wake. Nitamwambia nini? Kwamba sikujua bima ni kitu gani?"

"Mwambie asije," bibi akasema.

Baba alisimama, akavaa koti. Alipofika mlangoni akanigeukia. Hakuwa na hasira ya kupiga kelele. "Aliyeongea leo ndiye ataongea kesho. Mimi nitakuwa dukani."

Siku hiyo tulilala wote kwa bibi, na jioni nilipokuwa naosha vyombo shangazi alikuja kusimama nyuma yangu. "Nilikuambia usimwambie baba yako."

"Sikumwambia baba. Nimewaambia wote."

Nilisikia anapumua kwa pua. Sijui kama alitaka kucheka au kunizaba kibao. Akachukua kitambaa, akafuta sahani mbili, akaziacha, akaenda kulala bila kuniaga.

Asubuhi baba aliondoka kabla hakujapambazuka vizuri, pamoja na mama. Mimi nilibaki kwa bibi. Nilijifunza maneno yangu nikiwa chooni, nikiyarudia. Mnunuzi alikuja kwa pikipiki na kijana mmoja aliyebeba futi ya kamba. Nilienda mpaka getini kabla hawajaingia, kwa sababu niliona wakishaingia itakuwa ngumu zaidi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Baba yupo?"

"Yuko dukani. Amesema," na hapo yale niliyojifunza yote yakapotea. "Hatuuzi."

"Hatuuzi nini?"

"Shamba. Goti litatengenezwa hapahapa."

Aliniangalia, akaangalia migomba juu ya kichwa changu. "Kwa hiyo mmepata hela?"

"Bado."

"Basi mimi nitarudi," akasema, kama mtu anayeahidi kitu kizuri.

Nilitaka kumwambia asirudi. Nikasema, "Karibu tena," kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kumwambia mgeni. Nilisimama getini mpaka pikipiki ikashika lami. Kisha nikaingia jikoni, nikawasha moto, nikabandika maji ya kumkanda bibi goti.