Jicho la Kulia la Bimkubwa

Pale kwenye maghala ya nafaka walimwita Mama Kipanga, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurusha kipanga ili njiwa wasivamie magunia. Ndege huyo yeye alimpa jina la Bimkubwa. Kwa miaka sita walikuwa chanda na pete.

Asubuhi moja alizungusha kamba yenye kipande cha nyama kumwita ndege ashuke, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bimkubwa alipita kando, akatua juu ya bati, akawa anapindua kichwa upande mmoja tu. Macho ya kipanga ni makubwa mno, yamebana kichwani, hayazunguki kama yetu. Akitaka kutazama kitu cha mbali hugeuza kichwa chote, akakipima kwa jicho moja. Siku hiyo la kulia alikuwa amelifumba.

Meneja wa maghala alimwambia kwa upole kwamba ndege akipofuka, itabidi njiwa watiliwe sumu. Mama Kipanga alimvika Bimkubwa kofia yake ya ngozi ya kufunika macho ili atulie, akambeba hadi kwa daktari wa mifugo, roho mkononi.

Daktari, mzee asiye na haraka, alimweleza kwamba ndege hawa wana ukope wa tatu, utando mwembamba unaopita juu ya jicho kama pazia. Akainama na tochi. Akauchungulia ule utando ukipita na kurudi.

"Ni kapi la ngano," alisema hatimaye. "Limejificha nyuma ya pazia."

"Ataona tena?"

"Mpe siku tatu. Ataona kuliko mimi na wewe tukiunganisha macho."

"Yako hayo ya miwani, daktari?"

Mzee akacheka, akalisafisha lile jicho kwa maji ya chumvi.

Siku ya nne Bimkubwa alitua juu ya mnara wa tangi. Kule getini, mlinzi, ambaye ni shemeji yake Mama Kipanga, aliinua nyama isiyozidi kidole gumba. Mama Kipanga, akiwa chini ya mnara, kwa umbali ule hata mkono ulioishika hakuutambua. Bimkubwa alichezesha kichwa juu na chini akipima umbali, kisha akashuka, si moja kwa moja bali kwa kupinda, ili jicho lisiiachie ile nyama. Mlinzi alihisi upepo tu; vidole vikabaki vitupu.

Mama Kipanga alikaa juu ya gunia, akacheka huku machozi yanamtoka. Shemeji alipofika kuuliza kulikoni, alimwambia, "Niache kidogo, shem. Nimetua mzigo."

Mchana huo alisinzia kitini nyumbani, viatu bado miguuni.