Mke Mdogo Mwenye Mpini wa Mpingo

Mume wangu aliiita ile bastola mke mdogo, na mimi, Mungu anisamehe, niliionea wivu kweli kweli. Aliinunua kwa bei ya chee wakati kambi za wapigania uhuru zinafungwa Nachingwea, kwa mlinzi aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa kuukuu, imeshika kutu, mpini umepasuka. Yeye alikuwa dereva wa lori la korosho, akipita Nambilanje na Mbwemkuru peke yake, akasema hawezi kulala porini mikono mitupu. Haya, sawa. Lakini kujilinda kukageuka mapenzi.

Akaenda kwa mchonga vinyago huko Kiegei, akachongewa mpini mpya wa mpingo, unang'aa, umemkaa kiganjani barabara. Mimi hata doti ya khanga sikupata. Kisha akasema triga ni ngumu. Akawa anashinda uani na tupa, anasugua, anajaribu, anasugua tena, mpaka akajisifu kwamba sasa ukiigusa tu inaitika. Na risasi hazitoki humo, eti bastola tupu ni chuma tu.

"Baba wee, hicho kitu kitaua mtu humu ndani," nilimwambia.

"Unamwonea wivu mwenzio," akanijibu, anacheka.

Homa ikamchukua masika yaliyofuata.

Msibani watu walijaa. Mimi nilikuwa mkekani chumbani, nimejifunika khanga, wifi yangu mkubwa ubavuni. Nje watani walikuwa kazini. Mume wangu alikuwa Mmwera, na mtani wake hasa alikuwa mwalimu mmoja Mngoni aliyehamishiwa Ruangwa, kipenzi chake. Mtani msibani hakatazwi kitu: huvaa nguo za marehemu, humwigiza, hushika kitu chenu mpaka mkikomboe. Mwalimu alivaa koti la mume wangu, akatembea mwendo wake, akasinzia kitini akikoroma vilevile. Hata mimi nilicheka, huku machozi yananitoka.

Halafu nikasikia sanduku la chumba cha pili linafunguliwa. Mara sauti ya mwalimu uani: "Nimekuja kumrithi mke mdogo!"

Watu wakaangua kicheko. Nani hakumjua mke mdogo?

Nikamshika wifi mkono. "Wifi, mwambie aiweke chini! Ina risasi!"

Wifi akanikandamiza bega nisiinuke, maana mjane hatoki nje. Akapaza sauti dirishani: "Jamani, mwenzenu ana wivu hadi msibani!"

Nje wakashangilia. Nikapiga kelele, "Mtani, iache! Wallahi itakuua!"

Akanijibu kwa sauti ileile ya mume wangu: "Nyamaza, mama, leo zamu ya mwenzio."

Nilimwona kupitia mlango ulioachwa wazi. Ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili, anacheza nayo taratibu, macho ameyafumba kwa madaha. Nilitaka kukimbia, wifi akaning'ang'ania khanga.

Mlio ulikuwa mmoja, mfupi, ukamezwa na koti na kelele za watu. Mwalimu akakaa chini, kisha akalala ubavu.

Vigelegele vikapigwa. Walidhani anawaonyesha marehemu alivyokata roho. Mzee mmoja akamtupia shilingi kifuani, mwingine naye akatupa, wakimsifu kwamba kaigiza vizuri. Mimi nilikuwa napiga ukunga kwa nguvu zangu zote, na hakuna aliyeshtuka, kwani mjane asipolia atalia nani?