Mtindi Uliogoma Kuganda

Mtaa mzima ulimwita Bi Dawa, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Aliuza mtindi kwenye kibanda kilichoshikana na jiko lake, na mtindi wenyewe, jamani, ulikuwa ukishuka kooni bila kusukumwa. Mbegu aliirithi kwa marehemu mama yake: kila siku anabakiza kikombe kimoja, anakichanganya na maziwa ya leo, yanaganda. Miaka nenda miaka rudi, mtindi ni ule ule wa mama.

Basi siku moja mchuuzi akampitishia sabuni ya kuua bakteria. Akanogewa! Akaongeza dawa ya kupulizia, ya kupangusia meza, ya sakafu, mpaka jiko likanuka kama wodi. Viganja vikamchanika, lakini wapi, hasikii la mtu. Alipokwenda kumsalimia wifi yake, mke wa kaka yake, alikipulizia kiti dawa kabla ya kukikalia, mwenye nyumba kamkodolea macho. Tangu siku hiyo salamu zao zikawa za juu juu.

Ndipo alipoharibu kabisa. Alianza kuosha ndoo za maziwa kwa dawa ile ile, na hakuzisuuza, maana chupa iliandikwa kinga ya siku nzima. Sasa asuuze kinga? Asubuhi anafunua, maziwa majimaji. Akarudia, yakagoma. Akarudia tena kwa mbegu iliyobaki, nayo ikaishia humo humo.

"Mama, hiyo mbegu yenyewe ni bakteria, wale wazuri," mteja wake mmoja, nesi, alimwambia akijizuia kucheka. "Umewaua wafanyakazi wako."

Bi Dawa akaketi kwenye kizingiti akalia. Biashara angeanza nyingine. Lakini mtindi ule ulikuwa mkono wa mama yake, na yeye ndiye aliyeumaliza. Alipokwisha kulia akakumbuka kwamba mama alimpa wifi kikombe cha mbegu alipoolewa. Loo! Kwa wifi yupi sasa? Huyo huyo wa kiti. Mwenye shida hachagui njia. Akajitanda khanga, akaenda.

"Hodi wifi."

"Karibu. Kiti kipo, ila leo hakijapuliziwa."

"Wifi yangu, nimekosa."

"Umekosa nini? Sema kwa sauti, majirani nao wana masikio."

"Nilikudharau. Halafu mbegu ya mama nimeiua kwa dawa."

Wifi akashika shavu. Kisha kicheko kikamtoka, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Muuza mtindi kaua mtindi! Makubwa haya!" Bi Dawa naye kikamponyoka, wakacheka wote wawili, huyu anampiga yule begani.

"Vyombo vyangu ni maji ya moto na sabuni ya kawaida," wifi alisema akifuta machozi, "na kila siku unaganda." Akaleta bakuli la mtindi na kijiko.

Bi Dawa akaonja. Uchachu kidogo mwanzoni, utamu ukija nyuma. Akafumba macho.

"Ni yeye," akasema.

"Ni yeye. Ulidhani alikuachia wewe peke yako? Na mimi alikuwa mama yangu. Haya, weka kijiko chini, ukiumaliza tutagandishia nini?"