Matairi ya Theluji Mlimani Amerat

Nayachukia maduka ya matairi ya Wadi Kabir, hapa Maskati. Nachukia harufu ya mpira uliookwa na jua, nachukia vikombe vya chai vilivyokanyagwa kwenye grisi, na zaidi nachukia namna wanaume wanavyolipiga teke tairi kisha wakatikisa kichwa kana kwamba limewajibu. Kwetu mwanamke hashuki gereji. Anakaa ndani ya gari, vioo juu, kiyoyozi kikivuma, na kaka yake ndiye anayeteremka.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyetulea baba alipofariki, na tangu hapo kila chenye injini katika ukoo wetu hupita mikononi mwake. Imani yake ni moja: kilichotumika Ulaya kinashinda kipya cha kwingine. Friji, saa, mashine ya kufulia, vyote mitumba, vyote husifiwa mpaka siku vinapokufa. Binti yangu alipoanza chuo Al Khoudh ilibidi kila siku ashuke kutoka kwetu Amerat kwa ile barabara ya mlimani, kona juu ya kona, kisha avuke mji mzima. Matairi ya gari lake yalikuwa yamekwisha. Kaka akasema tumwachie yeye.

Ilikuwa Januari. Fundi akayavingirisha matairi manne ya mtumba kutoka Ulaya, na moja likapita chini ya dirisha langu. Ubavuni lilichorwa mlima wa vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Mimi nasomesha sayansi, alama ile naijua. Ni tairi la baridi, mpira wake umefanywa laini makusudi usikakamae kwenye barafu, na uso wake umechanjwachanjwa ili ung'ang'anie theluji. Kwenye lami ya moto mpira huo hulegea na kulika upesi. Nikateremsha kioo.

"Kaka, haya si ya nchi yetu. Haya ya theluji."

Hakunijibu mimi. Aliwageukia mafundi, akawaambia kwa Kiarabu cha gereji wamsikilize mwalimu, kisha akarudi kwa Kiswahili. "Mpira ulioshinda barafu utashindwa na jua, dada?"

Mafundi wakacheka, na mimi nikacheka. Kicheko kile cha adabu tunachofundishwa tangu utoto, cha kumsitiri kaka mbele ya watu. Kisha nikapandisha kioo. Nikikikumbuka leo, nakichukia kuliko grisi yote ya Wadi Kabir.

Miezi ya mwanzo matairi yalinisuta. Asubuhi za baridi yalikwenda kimya. Mvua ilipopiga na magari ya wengine yakawa yanateleza, yalishika. Siku tuliyokwenda kutembea wadini, kwenye bonde la mto mkavu, gari lilipita juu ya changarawe bila kuyumba. Kila Ijumaa kaka aliihutubia sinia ya biriani, vidole vikimeta samli: "Nilikwambieni." Nikaanza kujiambia kwamba labda mimi ndiye nisiyejua kitu. Mwoga hahitaji ushahidi mwingi.

Ikaingia Mei, lami ikawaka. Binti yangu akaanza kulalamika kwamba akikata usukani gari linachelewa kumfuata, kama linatembea juu ya godoro. Nikamwambia apunguze mwendo. Nilijua kinachotokea kwenye mpira ule, ningeweza kukichora ubaoni, na nilimwambia apunguze mwendo.

Mchana mmoja wa Juni akaniingilia jikoni, mtandio begani, viganja vyeusi. Kwenye kona ya mteremko alikanyaga breki na gari likaendelea kwenda, mpaka likasimama limeegemea chuma cha ukingoni, bonde likiwa upande wa pili. Aliposhuka akayapapasa matairi, mpira wa juu ukampukutikia mikononi kama kifutio cha skuli.

"Mama, yana picha ya theluji ubavuni," akasema polepole. "Uliiona siku ile?"

"Niliiona."

"Ukanyamaza?"

Alikwenda kunawa, nikamsikia anasugua muda mrefu.

Kesho yake nilikwenda Wadi Kabir peke yangu. Nilishuka, nikatembea juu ya grisi na baibui langu, nikasoma kila herufi ubavuni, nikachagua matairi mapya ya nchi za joto. Hakuna aliyecheka. Kazi yote haikufika saa moja, na mwanangu nilikuwa nimemwacha kwenye mteremko ule kwa miezi mitano.

Ijumaa kaka akaja kula, hajaambiwa kitu. Pale uani alilipita gari la binti yangu, akalipiga teke tairi la mbele bila kuinama, akatikisa kichwa. Akaingia ndani, akakaa mbele ya sinia.

"Yale matairi mazima kabisa," akasema. "Nnakwambieni, cha Ulaya hakifi."

Binti yangu akaacha kula. Akanitazama, akangoja. Hapakuwa na fundi, hapakuwa na mgeni, hapakuwa na mtu wa kumsitiri kaka mbele yake. Upande wa kaka kwenye sinia ulikuwa umebaki mtupu. Nikainua upawa, nikamwongezea wali.