Shavu la Kulia Sikuligusa

Kuna asubuhi moja, mwanangu, naikumbuka kila ninaponyoa ndevu. Niliingia zahanati ndogo huku Temeke nimefunika shavu la kushoto kwa kanga iliyolowa maji.

Nilikuwa kijana, shule nimeiacha darasa la tano, nimetoka Newala kuja kuona mji. Usoni nilikuwa na nembo zetu za Kimakonde. Shangazi yangu, fundi wa kuchanja, ndiye aliyenichora kwa kisu kidogo, akapaka masizi ya mbarika. Wiki ile nilikuwa nimeomba kazi ya kupeleka vinywaji mezani, hoteli moja ya Msasani. Msimamizi hakuniuliza hata jina.

"Uso huo utanikimbizia wageni. Kaufute kwanza."

Nami, kwa ujinga, nikatafuta chupa ya maji ya betri. Nikaanza na shavu la kushoto. La kulia nililiwekea kesho.

Muuguzi wa pale, Bi Zuhura, mama wa Kizaramo mwenye sauti ya kugomba, akaifunua ile kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakumwagia?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe! Sasa mie nimshitaki nani?"

Aliniosha kwa maji mengi, huku akisema tu. "Ngozi hii ya juu unaivua kila siku ukijisugua na dodoki. Iliyo chini yake ndiyo yenye damu, jasho na mizizi ya ndevu. Masizi ya shangazi yako yamekaa humo. Ukitaka kuyafukuza, utaifukuza na ngozi yenyewe."

Hata nikiungua siachi kuuliza. "Kwa hiyo hayatoki?"

"Utazikwa nayo. Na hilo shavu jingine utalichoma lini?"

Nikaivuta kanga nijifunike tena.

"Nakuuliza wewe!"

"Silichomi, mama."

Siku hiyo hiyo ile chupa niliifukia. Kidonda kikapona, likabaki kovu linalong'aa. Halioti ndevu, halitoi jasho hata joto la Februari. Na pembeni yake mistari miwili ya shangazi bado imo. Nikarudi Msasani hivyo hivyo. "Sikuja kuomba kazi," nikamwambia yule msimamizi. "Nimekuja uniangalie." Akaangalia chini.

Tangu hapo nimebeba magunia, nimechimba visima Pugu, nimelinda mageti Kipawa. Kote nimekwenda na uso huu, na anayeushangaa namwacha ashangae mpaka achoke.

Sasa wewe jana umenionyesha kopo la mkorogo. Eti mawifi wanakuona mweusi mno kwa picha za harusi yako. Usilipake, mwanangu. Lifukie. Mkorogo hauishii juu. Unashuka huko huko alikonieleza Bi Zuhura, na huko hakuna wifi atakayekwenda kukuuguza. Anayeona haya kwa uso wako, mwambie ageuze wake.

Mungu akulinde juu ya ngozi na chini yake. Uingie ukumbini na rangi yako, kichwa juu, nami nitakuwa kiti cha mbele, shavu la kulia na la kushoto, wapige picha mpaka watosheke.