Tonge la Kwanza la Baba

Nyumbani kwetu, kijijini Daudi, hakuna anayegusa ugali kabla baba hajamega tonge la kwanza. Sijui desturi hiyo ilianzia wapi. Hata nilipokuwa nikirudi likizo kutoka chuo kikuu, na elimu yangu yote kichwani, nilikaa na mikono iliyooshwa nikimngoja amalize habari za ng'ombe.

Desturi hiyo ndiyo iliyotuficha ugonjwa wake uliporudi. Saratani ya umio ilikuwa imetibiwa mwaka mmoja kabla, kwa mionzi na dawa za mshipani, na baba akarudi shambani amekonda lakini anameza. Tukaamini yamekwisha. Kila mchana alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, nasi tukaanza kula bila kumtazama tena, maana kumkodolea macho mzee anayekula ni utovu wa adabu.

Mjomba, kaka yake mama, ni mfugaji wa kijiji cha Dirma na hajali adabu za namna hiyo. Siku moja alipotutembelea alicheka katikati ya chakula.

"Shemeji, mbwa wako ananenepa kuliko ng'ombe wangu. Unamlisha nini?"

Mama aliinama, akatazama chini ya kiti cha mumewe. Matonge mawili yalikuwa sakafuni. Mbwa alikuwa akimalizia la tatu.

Hospitalini, kipimo cha kamera ya kooni kilithibitisha kwamba uvimbe umerudi palepale. Wiki hiyohiyo nilifanya kosa ambalo bado linanisumbua. Wageni walikuwa wamekaa, ugali unapoa, na baba alikuwa nje akikohoa. Nikiwa mzaliwa wa kwanza, niliona ni busara kuwaondolea watu aibu ya kusubiri. Nikamega.

Nilipoinua kichwa, baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Kumbe nimeshazikwa, wala sikuambiwa?"

Mama aliondoa sahani, akasonga ugali mwingine.

Tulipokwenda hospitali kusikiliza ushauri, nilibeba daftari lenye maswali kurasa mbili. Daktari, binti aliyeweza kuwa mdogo wangu, alimwamkia baba shikamoo, kisha akamweleza yeye, si mimi. Upasuaji ungekuwa mzito mno kwa mwili wake. Kurudia mionzi mahali palepale kulikuwa na hatari kubwa. Dawa za mshipani zingeweza kumwongezea muda, na zingeweza pia kumlaza kitandani. Kulikuwa na mpira wa kumlishia moja kwa moja tumboni. Kulikuwa na kibomba cha nyavu za chuma, kinachowekwa ndani ya umio kuitanua njia. Na kwa lolote atakalochagua, dawa za maumivu zingekuwapo.

Baba aliuliza swali moja tu. "Mwanangu, kati ya hizo, ipi itanirudishia ugali?"

"Kibomba, mzee. Lakini uwe ugali laini, tonge dogo, utafune sana, ukae wima."

"Baba," nilidakia, "kibomba hakiondoi uvimbe."

"Nimesikia. Masikio yangu ni mazima. Koo ndilo bovu."

Nilimfuata daktari ukumbini nikamwomba amshawishi akubali dawa za mshipani. Alinitazama kwa upole, akaniuliza nani kati yetu anayezitaka. Swali hilo hadi leo nazunguka nalo. Nilitaka baba aishi, ndiyo. Lakini niliogopa pia siku ambayo tonge la kwanza litakuwa langu kwa haki, na nilikuwa tayari apitie lolote ili siku hiyo isogee mbele.

Baada ya kuwekewa kibomba alipumzika kwa siku kadhaa akinywa uji. Kisha mchana mmoja akaagiza ugali. Mama aliusonga laini, akaweka maziwa pembeni. Mjomba alikuwepo tena. Safari hii sote tulivunja adabu, tukamtazama.

Alimega tonge dogo kama punje ya harage, akalilowesha kwenye maziwa, akatafuna kwa muda mrefu. Koo likapanda, likashuka. Tukangoja kuona kama tonge litarudi.

"Mbona mnanikodolea macho? Kuleni, unapoa."

"Mbwa ndiye mwenye msiba leo," mjomba akasema.

Baba alicheka, akashika kifua, kisha akamega tena. Mimi nilikuwa bado nimeshika tonge langu mkononi, nikihesabu anavyomeza.